Maranda ya Keko, Mboji ya Mabwepande

Keko huamka na mlio wa randa. Jua halijapanda sawasawa juu ya mabati, na tayari mafundi seremala wa mtaa huu wa Temeke wameinamia mbao. Vitanda vya futi sita kwa sita, makabati ya milango mitatu, meza za chakula na fremu za milango vimepangwa kandokando ya barabara hadi mwenye gari anakosa pa kuegesha. Anayekuja kununua hutazama nakshi na vanishi. Nilichokifuata mimi kilikuwa chini, miguuni mwa mafundi: maranda yaliyojikunja, meupe ya paini na mekundu ya mninga, yamefika vifundoni.

Hayakai pale siku nyingi. Kila karakana ina pembe yake ya viroba, vingine vimeshonwa mdomo, vingine bado vinajazwa kwa koleo, na guta likipita vinapakiwa. Wanunuzi ni wafugaji wa kuku wa nyama wa Mbagala, Chamazi na ng'ambo ya Kigamboni. Maranda hutandikwa sakafuni mwa banda, yanafyonza unyevu wa kinyesi, yanapunguza harufu na kuwakinga vifaranga na ubaridi wa saruji. Wiki tano au sita baadaye kuku wanakwenda sokoni, tandiko linakombwa, na hapo linapata mteja wa pili: mkulima wa mchicha na matembele, anayelitaka kwa ajili ya naitrojeni iliyomo. Paini iliyokatwa Sao Hill kule Mufindi inakuwa kitanda Keko, inakuwa tandiko Chamazi, inakuwa mbolea bondeni. Hakuna aliyeandika andiko la mradi ili kuanzisha mnyororo huo. Ulijiunga wenyewe, kwa sababu kila anayeushika anapata chake.

Wataalamu wanauita utaratibu wa namna hii uchumi rejeshi. Mali ghafi haisafiri mara moja tu kutoka shambani hadi jalalani. Inazungushwa, inakarabatiwa, inauzwa tena, na kinachombakia mmoja kinakuwa mtaji wa mwingine. Dar es Salaam inauhitaji kuliko mji mwingine wowote nchini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na makadirio ya taka zinazozalishwa ni zaidi ya tani 4,000 kwa siku. Sehemu kubwa ya hizo haifiki hata kwenye lori la taka. Huishia mtaroni, kwenye kiwanja kisichojengwa, motoni nyuma ya nyumba, au kwenye kingo za Mto Msimbazi, ambako mvua za masika huzichukua na kuziba makalavati.

Keko pia ndipo linapoonekana jambo ambalo, kwa maoni yangu, linaamua kila kitu katika biashara hii. Maranda ya paini safi yana mnunuzi. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, dawa za aina ile yenye shaba, kromiamu na aseniki, yana sumu kwa kuku na kwa mlaji wa kuku. Vumbi la mbao za MDF lina gundi. Karakana nyingi hupasua na kuranda aina zote hizo juu ya benchi moja, na zote zikidondoka kwenye lundo moja, lundo zima halifai. Fundi mwangalifu hufagia kabla ya kubadili mbao na huweka viroba viwili. Gharama yake ni fagio na dakika chache. Asiyefanya hivyo huwa na mzigo uleule kwa uzito, lakini yeye ndiye anayelipa ili uondolewe.

*

Kutoka Keko hadi Chang'ombe ni mwendo mfupi wa bajaji, na mandhari hubadilika ghafla: kuta ndefu, mageti ya chuma, malori yanayosubiri zamu. Hapa katika eneo la viwanda ndipo ilipo Kioo Limited, inayotengeneza chupa za soda, bia na vyakula tangu miaka ya 1960 na kuziuza hata nchi jirani. Kioo ni mali ghafi yenye fadhila isiyo ya kawaida. Chupa iliyovunjika inaweza kuyeyushwa na kuwa chupa mpya, tena na tena, bila kupungua ubora. Zaidi ya hayo, vipande vya chupa huyeyuka kwa moto mdogo kuliko mchanga, magadi na chokaa. Watengenezaji kioo duniani hukadiria kwamba kila asilimia 10 ya vipande inayoongezwa kwenye tanuri hupunguza nishati kwa karibu asilimia 3. Katika kiwanda ambacho tanuri yake haizimwi usiku wala mchana, hiyo ni fedha nyingi.

Lakini sharti ni lilelile la Keko. Kipande cha sahani ya udongo kikiingia kati ya vipande vya chupa hakiyeyuki. Kinabaki kama jiwe ndani ya chupa mpya, na chupa hiyo itapasuka ikijazwa kinywaji chenye gesi. Kioo cha dirisha na cha gari vina mchanganyiko wao tofauti. Chupa ya kijani haiwezi kuingia kwenye mzigo wa chupa nyeupe. Ndiyo maana kijana anayeokota chupa katika baa za Temeke na kuzitenga kwa rangi anafanya kazi ya kiufundi, na anastahili kulipwa kama mtu wa kazi ya kiufundi.

Hata kabla ya kuyeyushwa, kuna njia bora zaidi, nayo ni kuiosha chupa na kuijaza tena. Kila aliyewahi kutumwa dukani utotoni anaujua utaratibu huo. Soda hunywewa pale pale, au unaacha rehani ya chupa. Mwenye duka ana kreti lake la chupa 24, na bila kreti lenye chupa tupu hapati mzigo mpya kwa bei ya kawaida. Hakukuwa na haja ya bango wala kampeni. Rehani ilitosha kuirudisha chupa kutoka uchochoro wa mwisho wa Mbagala hadi kiwandani, na chupa moja iliweza kufanya safari hiyo mara 20 au zaidi. Chupa ya plastiki ya kuondoka nayo imemrahisishia mnywaji maisha na kumpunguzia msambazaji uzito wa mzigo, lakini gharama ya kuiokota imehamia kwa halmashauri, kwa mtaro, na kwa bahari. Nasikitika kila ninapoona friji la duka ambalo chupa za kurudisha zimesukumwa safu ya chini kabisa, kwa sababu utaratibu wa kupunguza taka uliokuwa unafanya kazi vizuri kuliko yote nchini tulikuwa nao tayari.

Viwanda vya bia vya jiji hili navyo vina mzunguko wao wa siku nyingi. Machicha yanayobaki baada ya shayiri kuchemshwa na kukamuliwa utamu wake bado yana protini na nyuzinyuzi, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa pembezoni mwa Dar es Salaam huyanunua kwa lori. Yana maji mengi na huchacha upesi, kwa hiyo umbali kutoka kiwandani hadi zizini ndio unaoamua faida. Jambo hilo la umbali lilijulikana pia kwa watu wa Kalundborg, mji mdogo wa bandari nchini Denmark. Huko, mwaka 1972, kiwanda cha mbao za jasi kilianza kutumia gesi ambayo kiwanda jirani cha kusafisha mafuta kilikuwa kikiichoma bure angani. Baadaye majirani wengine waliunganisha mabomba ya mvuke na maji ya moto, na leo wanafunzi wa uhandisi wanapelekwa kule kutoka nchi nyingi. Chang'ombe ina majirani wengi kuliko Kalundborg. Ina kuta ndefu zaidi pia, na nilipouliza kwenye mageti ni nini hasa kinachotoka kwa lori la taka, kila mlinzi alilijua lori la kwao tu.

*

Tandika ni soko la kila kitu, na mwenye haraka asipite huko. Marobota ya mitumba hufunguliwa asubuhi, nguo za daraja la kwanza zinatundikwa, za pili zinamwagwa chini kwa bei ya kuokota, na zile zilizochanika kabisa huchambuliwa kando. Pamba inafyonza oili, nailoni haifyonzi. Kwa hiyo fulana za pamba hukatwa kuwa matambara na kupelekwa gereji. Pembeni, mafundi cherehani hushona mabaki ya khanga na vitenge kuwa mifuko, foronya na nguo za watoto. Matairi yasiyofaa tena barabarani yanageuka katambuga, mipira ya kufungia mizigo na mabeseni ya kunyweshea mifugo. Katika masoko haya, neno takataka hutumika mwishoni kabisa, baada ya watu wengi kukitazama kitu na kukosa la kukifanyia.

Kilichobaki bila mwenyewe ni kile kinachooza. Zaidi ya nusu ya taka za Dar es Salaam kwa uzito ni za namna hiyo: maganda ya ndizi na viazi, majani ya kabichi, makaka ya mahindi, nyanya zilizopondeka ndani ya tenga, ukoko na makombo ya mama lishe. Ndizo zinazonuka, zinazovuta inzi, zinazolowesha maboksi na kuyafanya yasiuzike. Zikifukiwa jalalani bila hewa huzalisha methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kiasi hicho hicho cha hewa ya ukaa.

Mama lishe mmoja wa Tandika, anayepika wali maharage na ugali samaki kwa wabeba mizigo, hutumia ndoo mbili zenye mifuniko. Moja ni ya maganda na makombo, nyingine ni ya vyote vilivyobaki. Ndoo ya kwanza huchukuliwa jioni na mfugaji wa bata na nguruwe anayetoka Chamazi, naye humwachia ndoo safi. Hawalipani. Yeye ameokoa ada ya kuzolewa taka, mfugaji ameokoa chakula cha mifugo. Kijitabu chochote cha ushauri kwa wafanyabiashara wadogo kingeweza kuanza na ndoo hizo mbili.

Kwa wenye mtaji zaidi kuna nzi mweusi anayeitwa nzi askari. Huyu si nzi wa chooni. Akikomaa hatui kwenye chakula cha watu wala haleti kipindupindu. Funza wake hula mabaki ya vyakula kwa muda wa wiki mbili hivi, wananenepa, na wakikaushwa karibu asilimia 40 ya uzito wao ni protini. Dar es Salaam ina wajasiriamali wanaowafuga kwa ajili ya chakula cha kuku na samaki, wakishindana na dagaa na soya ambazo bei zake hupanda kila mwaka kwa mfugaji. Nao wana kilio kilekile: wakiletewa mabaki yaliyochanganyika na sabuni, betri na vipande vya chupa, funza wanakufa.

*

Kutoka Tandika nilishika Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala, na njia hiyo inapita Mtoni. Wenyeji wa makamo wanakumbuka dampo lililokuwa pale. Lilipofungwa liliacha mlima wa taka, na mwaka 2007 ukasajiliwa mradi wa kunasa methani iliyokuwa ikitoka ndani yake, wa kwanza wa Tanzania chini ya utaratibu wa Itifaki ya Kyoto. Kunasa gesi baada ya taka kufukiwa ni jambo jema. Kutozifukia kabisa ni jema zaidi, na linagharimu kidogo.

Mbagala ina mizani kila mtaa. Chini ya turubai au ndani ya kontena lililotobolewa dirisha, mnunuzi wa skrepa hukaa na mizani yake, na kuanzia alfajiri waokota makopo wanamimina viroba: chupa za maji, ndoo zilizopasuka, vyuma, makopo ya alumini, nyaya za shaba. Chupa hutenganishwa na vizibo vyake kwa sababu ni plastiki mbili tofauti. Chupa hupelekwa kusagwa na kuoshwa. Kizibo na ndoo huyeyushwa na kurudi kuwa beseni. Wengi wa waokotaji ni akina mama na vijana wanaolipwa kwa kilo, na bei ya kilo haipangwi Mbagala. China ilipofunga mlango kwa taka za plastiki kutoka nje, mwanzoni mwa 2018, bei zilitikisika duniani kote. Ndiyo maana viwanda vya hapa nchini vinavyonunua plastiki hiyo vina umuhimu usiopimika kwa tani peke yake. EcoAct Tanzania, kampuni ya Christian Mwijage, inayeyusha plastiki kuwa nguzo na mbao za kujengea, na kila nguzo yake inachukua nafasi ya mti. Kwa majirani zetu wa Kenya, jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa tani 10 za plastiki na kandambili kuukuu 30,000, lilisafiri hadi Zanzibar mwaka 2019 na kuwaonyesha watu wa pwani nzima kwamba ubao wa plastiki unaweza kuhimili bahari.

Wafanyabiashara wa Tanzania Bara walishaonyesha kwamba wanaweza kubadilika kwa haraka. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku. Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa zaidi ya miaka 10. Katika wiki chache tu vikapu vya ukindu vilirudi mikononi, washonaji wa mifuko walipata kazi, na maduka yaliyodhaniwa yangekosa wateja hayakukosa. Nalitaja hilo kwa sababu mara nyingi nasikia kwamba biashara ndogo haziwezi kubebeshwa masharti mapya. Ziliyabeba.

*

Ukitoka Temeke kwenda Kinondoni kwa Barabara ya Mandela, kisha Mwenge na Barabara ya Bagamoyo, unavuka historia ya majalala ya jiji hili. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu wakipinga dampo lililokuwa likifuka moshi majumbani mwao. Walishinda. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wakazi 795 wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Baadaye zikawa zamu za Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa Pugu Kinyamwezi. Naziona kesi zile mbili kuwa kati ya mambo ya heshima kubwa waliyoyafanya raia wa kawaida wa Dar es Salaam, kwa sababu zilisema wazi kwamba haki ya kuishi inahusu pia hewa unayovuta kibarazani kwako. Lakini ushindi wao ulihamisha lundo tu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepunguza kinachoingia ndani yake.

Jibu moja liko mwisho wa Kinondoni, ukishapita Kunduchi, Tegeta na kiwanda cha saruji cha Wazo, ukaingia ndani kuelekea Mabwepande. Wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali ilipowapa viwanja huko waliohamishwa kutoka Bonde la Msimbazi. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na mji wa Hamburg, ambao ni mji dada wa Dar es Salaam tangu 2010, na kwa msaada wa Ujerumani, ilijenga huko kiwanda cha mboji chenye uwezo wa kupokea tani 50 za taka za masoko kwa siku. Dhidi ya tani 4,000 hizo ni chache. Kwa soko moja moja ni nyingi mno.

Kazi yenyewe ni ya kuangalia joto na maji. Mabaki ya sokoni hupangwa matuta marefu, yakichanganywa na vitu vikavu ili kaboni iwe takriban mara 30 ya naitrojeni. Vijidudu vikianza kula, tuta hupanda hadi nyuzijoto 55 au 65, joto linalotosha kuua mbegu za magugu na vimelea. Likigeuzwa hupata hewa, likikauka hunyunyiziwa. Baada ya miezi kadhaa huchekechwa, na kinachotoka ni udongo mweusi usio na harufu ya taka hata kidogo. Nilipouchukua kiganjani ulikuwa laini na wenye unyevu, lakini kwenye chekeche kulibaki vipande vya mifuko myembamba, kamba na vifuniko. Kila kipande kama hicho kinapunguza idadi ya wakulima walio tayari kununua, na kiliingia kule sokoni, ambako mchuuzi alikuwa na pipa moja tu.

Kwa hiyo, mfanyabiashara akiniuliza aanzie wapi, sitamwambia anunue mashine. Atenganishe kabla hajatupa, apime kwa mizani kila kiroba kwa mwezi mmoja, na amtafute wa karibu anayekihitaji. Hoteli ya Mbezi Beach ina mafuta ya kukaangia ambayo mtengeneza sabuni wa Kawe angeyanunua. Duka la jumla lina maboksi makavu. Shule ina karatasi. Kinachokosekana ni mtu wa kuwajulisha.

Na mtu huyo yupo. Halmashauri ndiyo inayotoa leseni za biashara, siku hizi kupitia mfumo wa TAUSI, na mwombaji hujaza jina, namba ya mlipakodi, mahali na aina ya biashara yake. Liongezwe swali moja: kwa wiki unatupa nini, na kilo ngapi? Majibu yawekwe wazi kwa kata, bila majina ikibidi, ili mnunuzi wa Boko ajue kwamba Bunju kuna anachokitafuta. Kinondoni ingeweza kuanza na masoko yake yenyewe, kwa kuwa inayatoza ushuru kila siku na tayari ina pa kupeleka kinachooza, na ingeweza kumpunguzia ada ya taka kila mchuuzi anayeleta ndoo isiyo na plastiki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Sheria ndogo ya ada hutungwa na madiwani katika baraza lao, na baraza hilo huketi kila robo mwaka.